Kichwa cha Baba Yake Wakio

Wakio binti Mwandawiro alizaliwa Marungu, akaolewa Marungu, akafiwa na mume Marungu, na kusoma hakusoma. Lakini kwa mambo ya ukoo wake hakuna aliyemshinda. Angekutajia wazee kumi na wanne waliokuwa pangoni, tangu wa ndani kabisa mpaka wa mlangoni, bila kumeza mate, na pangoni mwenyewe hajawahi kuingia. Wanawake hawakuingia. Alitajiwa na baba yake, na sasa baba yake ndiye alikuwa wa mwisho, pale mlangoni.

Huko mlimani Marungu ilikuwa hivi. Mzee akifa, anazikwa. Mwaka ukipita na mvua zake, kaburi linafunguliwa, kichwa kinatolewa, kinapelekwa kwa wenzake kwenye pango la ukoo. Hakuna jina linaloandikwa. Kichwa kikishakauka hakina sura, kinajulikana kwa mahali kilipowekwa. Nyumba ikiwa na shida, mwanamume anakwenda na pombe ya miwa, anasimama mbele ya mzee anayemtaka, anammwagia na kumwita kwa jina. Akikosea, akamwita mmoja kwa jina la mwingine, aliyekosewa anakasirika, na hasira ya pangoni haina wa kuituliza.

Mwaka wa hamsini na sita Tryphena, binti pekee wa Wakio, alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza walizaliwa wamekwisha kufa. Mwezi wa saba miguu ikaanza kumvimba kama mara zile. Wakio akateremka mpaka Miasenyi kwa Syombua, mama wa Kikamba aliyepiga ramli kwa mbegu za kibuyu. Syombua akamwaga mbegu, akazihesabu, akamwaga tena.

"Baba yako ana kiu," akasema. "Hajapelekewa tangu lini?"

"Tangu ndugu yangu abatizwe."

"Basi usiniangalie mimi. Nenda kwa huyo ndugu yako."

Ndugu huyo alikuwa Obadiah, mdogo wake Wakio, mwenye Kiswahili cha shule na viatu vya Jumapili. Mwaka huo alikuwa karani wa mzungu mmoja wa chuo, Bwana Donald, aliyekuwa amepiga hema karibu na stesheni ya Voi. Bwana huyo zamani alikuwa injinia wa madaraja, kisha akaacha madaraja akashika watu. Alipima vichwa vya wazee na vya watoto wa shule kwa koleo la chuma alilolitengeneza mwenyewe. Jioni aliwaita vikongwe wamsimulie hadithi za kale, akaziandika, kisha akahesabu kila neno limetajwa mara ngapi. Alitaka kujua kama watu wenye mifupa inayofanana husimulia kwa namna inayofanana. Wakio alisema mtu wa aina hiyo amekosa shamba la kulima.

Alimkuta Obadiah nyumbani akipiga viatu rangi. Akaweka kibuyu cha pombe mbele yake.

"Inuka, twende kwa baba."

"Dada, mimi ni mtu wa kanisa."

"Kanisa halikukuzaa. Inuka, Tryphena amevimba."

Obadiah hakuinuka. Aliendelea kusugua kiatu kile kile.

"Unanyamaza nini, wewe? Siku zote una maneno kama redio."

"Dada, Bwana Donald aliomba kuonyeshwa pango. Nilimwonyesha."

Wakio akakaa chini. "Amewachukua?"

"Hapana! Wote wapo. Alivipima vichwa nje, kwenye turubai, tukavirudisha siku ile ile."

"Basi kama wapo, unaogopa nini?"

Ndipo ikatoka yote. Bwana Donald alikuwa na kanuni yake: mpimaji asijue anampima nani wala wa wapi, maana akijua, jicho litaona linachotaka kuona. Kwa hiyo vichwa vilichanganywa kwenye turubai. Vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia, Obadiah akachovya mkono kama mtu wa bahati nasibu, na namba iliyotoka ikaandikwa kwa wino kwenye mfupa, moja mpaka kumi na nne.

"Na majina? Hukuandika nani ana namba gani?"

"Niandike jina la baba kwenye kitabu cha mgeni, lisomwe na watu nisiowajua? Ningewezaje, dada?"

Hata Wakio asingeliandika jina hilo humo.

"Nilidhani nitakumbuka," Obadiah akasema. "Jua likawa kali, Bwana akawa ana haraka. Nikavirudisha kwa namba. Moja ndani kabisa, kumi na nne mlangoni. Vimepangwa vizuri sana, dada." Kisha mtu mzima yule akalia, kiatu kikiwa mkononi.

Kesho yake wakaenda Voi. Bwana Donald alikuwa akipigilia misumari masanduku ya vitabu, garimoshi lake lilikuwa la siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Mama, nasikitika. Naweza kusema huyu ni mzee, huyu ni kijana. Baba wa nani, koleo haliwezi kusema."

"Wewe ni mtu wa hesabu. Nifanyie hesabu."

"Ukichukua kimoja bila kujua, utapata mara moja katika kumi na nne."

"Na nikiwaita wote kwa jina la baba?"

"Ukichukua vyote, huwezi kumkosa."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyempa mgeni zawadi. Wakio akamtazama. "Nitampata mmoja, na nitawatukana kumi na watatu. Hiyo hesabu yako haina mahali pa kuliweka hilo?"

Bwana Donald akamwangalia Obadiah ili amfafanulie. Obadiah akaangalia reli.

Walipanda mlima siku iliyofuata, Tryphena wakimwacha nyumbani, amekwisha kushindwa kusimama. Penye mlango wa pango Obadiah akashika kibuyu, kikamponyoka, nusu ya pombe ikamwagika kwenye majani. Wakio akampokonya.

"Dada, huruhusiwi humo!"

"Na mzungu aliruhusiwa?"

Akaingia. Namba aliziona, nyeusi kwenye paji la kila uso, na hakuweza kuzisoma. Akamwagia kila mmoja kidogo, maana pombe ilikuwa ya mtu mmoja, akasema mbele ya kila mmoja, "Mwandawiro, ni mimi Wakio, mwache mtoto apite." Mara kumi na nne. Alisema baadaye kwamba alingoja moyo umshtuke mbele ya mmojawapo. Haukushtuka.

Tryphena alijifungua siku ya nne baada ya hapo. Mtoto akalia, wa kike, mzima. Tryphena akatetemeka, povu likamtoka, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekufa.

Waliokuja matangani walisema mengi, wa kanisa yao na wa mlimani yao. Wakio alisema neno moja tu, nalo hakulibadilisha: baba alisikia, na wale kumi na watatu pia walisikia.

Mwaka wa hamsini na tisa kitabu cha Bwana Donald kilifika kwa posta. Obadiah alikipeleka kwa dada yake, akamsomea palipoandikwa habari za pango. Ilikuwa mistari kumi na minne ya tarakimu: urefu, upana, kimo. Wakio alikuwa akimsuka mjukuu wake nywele.

"Baba ni mstari gani?"

Obadiah akapeleka kidole juu ya karatasi, kikashuka mpaka chini, kikapanda tena. Kisha akafunga kitabu.

"Basi soma yote," Wakio akasema. "Polepole. Huyu mtoto asikie."