Jirani Aliyekalia Mkoba wa Fundi

Januari ya Guangzhou haina theluji, na hapo ndipo watu wa kwetu wanapodanganyika. Baridi yake ni ya majimaji. Inapenya sweta, inapenya nyama, ikifika kwenye mifupa inaweka makazi. Nyumba zenyewe hazina kitu cha kuzipasha moto. Kilichokuwa kinatuweka hai mimi na mwenzangu tuliyepanga naye ni hita ya gesi ya maji ya kuoga, sanduku jeupe lililotundikwa ukutani kwenye roshani ya jikoni. Asubuhi moja lilikohoa, likazimika, likagoma kuwaka.

Mwenzangu ni Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa kanisa, ananunua mikoba kwenye soko la ngozi la Shiling na kuisafirisha kwao. Mimi ni Mzanzibari, nahangaika na madaftari na midoli ya jumla pale mtaa wa Yide Lu. Yeye aliiwekea hita mkono akaiombea kwa Kifaransa. Mimi nilichemsha birika nikatawadha harakaharaka kama paka anayejilamba. Hita haikujali dini ya mtu.

Mwenye nyumba tulimpigia simu. Alisema tutafute fundi wenyewe, akakata.

Nikamwita bwana mmoja wa Dar anayetushughulikia mizigo bandarini Huangpu, ambaye siku zote alikuwa akijisifu kwamba zamani alikuwa mekanika melini.

"Dada, mimi nimefungua boila za meli," alisema huku akivua koti. "Hili ni birika tu, limetundikwa."

Akalifungua kwa kisu changu cha vitunguu, kwa sababu bisibisi hakuja nayo. Akalegeza bomba, maji yakamrukia usoni, akalifunga kwa mfuko wa nailoni akasema sasa linapumua. Alikunywa chai, akamaliza chapati zetu, akaondoka akiwa ametuachia skurubu kadhaa mezani ambazo kwa maelezo yake hazikuwa na kazi.

Mwenzangu alizitazama zile skurubu. "Dada," akaniuliza, "uyu muntu alitengenezaka meli gani? Ile yenye ilizama?"

Kabla ya magharibi mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya chini yetu, ambaye tulikuwa tukimjua kwa sura tu. Tulimwita ayi, kama anavyoitwa huku mwanamke wa rika la mama mdogo. Alivaa pajama nzito za maua na mkononi ameshika sufuria. Hakutusalimu. Aliinamisha sufuria ili tuone maji ya kahawia yaliyodondoka kutoka kwenye dari yake, kisha akatupita, akaenda moja kwa moja jikoni kufunga koki kubwa.

Kichina changu ni cha sokoni. Najua kusema ghali, punguza, hapana, na laobani, yaani bosi. Nikamwomba radhi kwa maneno ninayowaambia wenye maduka ninapochelewa kuchukua mzigo: laobani, nakuja kesho, usimuuzie mtu mwingine. Ayi akachukua sufuria yake, akashuka.

Kesho yake nikapiga namba ya stika. Ngazi za jengo letu zimepakwa stika za mafundi kutoka chini hadi juu, wa vitasa, wa mabomba, wa hita, na zote zinaahidi uaminifu. Fundi alifika na pikipiki ya umeme hata chai haijachemka, jambo ambalo lingetosha kunitia wasiwasi. Alifunua hita, akaanza kugusa kila kilichomo ndani.

"Huai le," alisema. Imeharibika. Akagusa kingine. "Huai le."

Akatoa simu akanionyesha picha ya hita mpya.

"Tai gui," nikamwambia, ghali sana, kama ninavyowaambia watu kila siku. Sokoni neno hilo hufungua mazungumzo. Yeye alinihurumia tu.

Hapo ayi akaingia kuangalia kama bado tunamzamisha. Alipomwona fundi alisimama. Fundi naye akageuka akaingiza uso wake ndani ya hita, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Ayi akaanza. Alisema Kikantoni, na sikuelewa hata neno, ila ule mdundo naujua tangu nizaliwe. Mwanamke yeyote wa mtaani kwetu angeuitikia. Baadaye alinifafanulia kwa Kichina chepesi na vidole: huyu ndiye aliyemtengenezea hita yake mwaka uliopita, na tangu hapo ama inamchoma ama inamgandisha, na simu hapokei.

Fundi aliunyooshea mkono mkoba wake wa vifaa. Ayi akamtangulia, akaukalia.

Mwenzangu naye akavuta kiti akakiweka katikati ya mlango, akaketi akakunja mikono. "Voilà," akasema. "Sasa kikao kimeanza."

Mimi nikapika chai ya tangawizi. Fundi alilalamika kwamba kifaa kinachotakiwa hana. Ayi alijiinua kidogo tu, kiasi cha kuingiza mkono chini yake, akachota vifaa akavimwaga sakafuni mbele ya fundi. Kile kilichohitajika kilikuwemo, kingali kwenye plastiki yake. Fundi akakiokota, akafanya kazi. Na alifanya vizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alibadilisha, akakaza bomba la yule mekanika wa meli, akapaka sabuni kwenye viungo vya gesi kutazama kama kuna povu, akawasha. Moto wa buluu ukashika. Ayi alimwamuru anawe yeye mwenyewe kwanza, athibitishe.

Kisha ayi akamshusha kwake, akaitengeneze na ile hita yake. Tukafuata, mwenzangu akiwa amebeba mkoba, kwa maana ayi hakukubali fundi mwenyewe aushike. Tulikuwa tunasaidia, lakini pia ni umbea, sitakataa.

Watu wa kwetu hapa Guangzhou wakiniuliza fundi wa kuaminika, nawapa namba ya yuleyule. Nawaambia waazime na jirani wa kukalia mkoba.

Majuzi tulitaka hita isafishwe kabla baridi haijaanza, nikamwandikia ujumbe. Alijibu kwa swali moja: ayi atakuwepo nyumbani? Nikamwambia atakuwepo. Alifika kabla ya saa aliyoahidi, akavua viatu mlangoni, na mkoba akatukabidhi mwenyewe bila kuombwa.