Tangazo la Tatu, Juu ya Nkoaranga

Nilitangazwa kanisani mara mbili kuwa mchumba wa mtu, na sikuwa nimeulizwa hata mara moja.

Habari nilizipata Jumatatu ofisini, Arusha, kwa mpiga chapa mwenzangu aliyekuwa amekwenda kwao Meru kusali. "Hongera, bibi harusi! Bado Jumapili moja tu." Ndoa hutangazwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mwenye pingamizi nilikuwa mimi.

Huyo mchumba, Anaeli, tulikuwa tumetoka mara mbili: mara ya kwanza soda, mara ya pili picha ya Kihindi kwenye banda la video. Siku ile nilicheka sana. Kumbe kicheko kilihesabiwa kuwa jibu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilishuka Usa River nikapanda nyuma ya pikapu iliyobeba mbolea. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoipita hospitali ya Nkoaranga gari lilishindwa kilima, nikavua viatu, nikapanda kwa miguu kati ya kahawa na migomba, nikipanga maneno ya kumwambia. Mengi hayaandikiki hapa.

Saa nne nilifika kwa kina Anaeli. Mama yake alikuwa anapaka chokaa ukuta wa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu! Mbona peku? Umefukuzwa?"

Nilimweleza kwamba sijachumbiwa na mtu yeyote. Brashi ikasimama ukutani. "We Anaeli! Hebu toka huko!"

Akatoka, vifungo vitatu vya shati viko wazi, kama nyota wa video.

"Anaeli, uliniuliza lini?"

"Aikande, kuulizana ni mambo ya wazee. Si uliiona ile picha? Yule dada alikataa mpaka kaseti ya pili."

"Mimi nimekataa kaseti zote."

Mama yake akacheka, kisha akakumbuka yuko upande gani, akanuna.

Saa sita nilikuwa mbele ya mwinjilisti wa usharika wao.

"Binti, wengi huogopa wiki ya mwisho."

"Siogopi, baba. Nimekasirika."

Alinipa karatasi, nikaandika pingamizi kwa sentensi moja. Akafungua jalada, akalipiga mstari tangazo la tatu. "Kesho halisomwi." Hapo ndipo nilipoona, chini ya karatasi zile, cheti changu cha ubatizo. Chenyewe, si nakala.

"Hiki kimeletwa na nani?"

"Na Anaeli. Alisema amepewa na wakwe."

Nilikichukua, nikateremka na matope yangu. Saa kumi na moja nilikuwa Arusha.

Nilikwenda kumfokea mwanamume mmoja. Nimerudi nikijua kwamba mtu mzima, mwenye kazi na chumba chake mjini, anaweza kupangiwa ndoa kama vile hayupo. Cheti kile hukaa kabatini kwa mama, Machame, chini ya vitenge, na kabati lina ufunguo mmoja. Nilimwandikia mama nikamuuliza. Majibu yamefika jana, kurasa mbili: ng'ombe amezaa, mahindi yanakwenda vizuri, na je, huko Arusha kuna baridi?