Sweta la Mikono Isiyolingana

Sisi tuliokulia Njombe tuliijua baridi kabla hatujajua kusema. Mwezi wa saba unaamka unakuta sakitu imelala juu ya majani, nyeupe kama chumvi, na sisi pekupeku tunaikanyaga kwenda shule, mkononi kiazi cha moto kilichotoka jivuni. Unakihamisha mkono huu, unakihamisha mkono ule, vidole vinapata joto. Ukifika darasani ndiyo unakila. Leo wajukuu zangu hapa Apple Valley, Marekani, wanatoka mlangoni wamefungwa kama mizigo, buti, kofia, glavu, hatua chache wako ndani ya gari, na gari lenyewe limewashwa mapema lipate joto. Halafu wanalalamika. Baridi ya hapa kali, sikatai, inauma masikio kama nge. Lakini wao hawajakutana nayo. Wanaiona dirishani tu.

Na mbwa wao je. Anaitwa Biskuti. Ana sweta la dukani lenye matundu manne ya miguu, ana viatu asichomwe na chumvi wanayomwaga barabarani, na kila baada ya muda anapelekwa saluni kukatwa nywele. Mimi nywele zangu nasukwa na binti yangu jikoni, siku akiwa hana zamu hospitali huko Saint Paul. Siku ya kwanza nilipomwona Biskuti amevaa, nilikaa chini. Mjukuu wangu Neema akaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Siumwi. Namshangaa mwenzio alivyopendeza."

Mbwa wetu aliitwa Mtachoka. Nyie wa rika langu mnajua majina ya mbwa yalivyokuwa. Baba alimpa jina hilo kwa ajili ya jirani yetu mmoja mwenye mdomo, mama aliyekuwa akitusema kila siku kisimani. Basi mama yangu akitaka kumlisha mbwa anatoka mpaka kwenye uzio, anaita kwa sauti ya kanisani, "Mtachoka! Mtachokaaa!" Jirani anasonya, anaingia ndani. Mbwa anapata ukoko wake, mama anapata raha yake. Leo mtu akigombana na jirani anaandika kwenye simu, dunia nzima inasoma. Sisi tulimwachia mbwa kazi hiyo.

Kwetu kufuma ilikuwa kama kula. Bibi alifuma, mama alifuma, dada Tumaini alifuma, na baba naye, mwanamume mzima mwenye masharubu, alifuma na hakuona haya. Sindano zilikuwa spoku za baiskeli, baba anazisugua kwenye jiwe mpaka ncha iwe laini. Uzi tulipata kwenye masweta makuukuu ya msaada yaliyoletwa misheni. Jumamosi tunakaa kuzunguka moto, tunayafumua, mmoja anavuta, mwingine anaviringa, na pembeni kuna ulanzi wa asubuhi, pombe ya mianzi, ule mtamu ambao haujapata ukali, watoto tunaruhusiwa kikombe. Tukimaliza, pua zetu zote zimejaa manyoya.

Na nyumba yetu ilikuwa na desturi yake. Mtu anayekwenda mbali hafumiwi sweta na mtu mmoja. Mmoja anafuma mgongo, mwingine kifua, wengine mkono mmoja mmoja, siku ya mwisho vipande vinashonwa pamoja. Bibi alisema, "Ukivaa kazi ya mtu mmoja, umesafiri peke yako."

Kwa hiyo kaka Yohana alipopata nafasi ya shule ya bweni kule Makete, tulianza. Kama Njombe ni baridi, Makete ni mama yake. Mama akafuma mgongo, dada kifua, Bibi mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nimeshaota meno ya ukubwa, nikapewa mkono wa kushoto. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile tena. Nikauliza, "Bibi, urefu gani?" Akasema, "Shibiri tatu, na funda la maji." Ndiyo alivyozungumza, kila kipimo chake kilikuwa na kitu juu yake. Nikafuma nikiwa nachunga, nikafuma nikiwa naota jua, nikapima kwa kiganja changu shibiri tatu, nikakata uzi.

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, mama akashona vipande. Lori la mbao ndilo lingempeleka Yohana, linapita alfajiri, na likipita limepita. Akavaa. Mkono wa kulia ukafika kwenye kifundo, sawa kabisa. Wa kushoto ukaishia karibu na kiwiko.

Halafu baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama hakucheka. "Mama," akamwambia Bibi, "mtoto ulimwambia nini?"

"Nilimwambia shibiri tatu."

"Shibiri ya nani?"

"Shibiri ni shibiri."

"Hebu weka kiganja chako hapo. Na wewe weka chako."

Tukaweka viganja vyetu mezani, cha Bibi kama jani la tumbaku, changu kama jani la mchicha. Bibi akaangalia, akasema, "Basi huyu mtoto halishwi vizuri."

Hata Yohana akacheka, ila nilimwona anavuta ule mkono mfupi kwa siri, kama vile utarefuka. Uzi ulikuwa umekwisha nyumbani, wote. Kufumua kiunoni? Kitovu kingeonekana. Kuomba kwa jirani? Na lile jina la mbwa, tungeanzia wapi? Mama akasema, "Mwanangu hapandi lori na mkono nje. Bora abaki." Na alikuwa mtu wa kutimiza. Yohana akageukia mlangoni tusimwone uso.

Dada Tumaini ndiye aliyesema, "Lipo sweta la Mtachoka."

Kweli lilikuwepo. Sweta la zamani la baba, limechanika kifuani, tulilitandika bandani, na Mtachoka alikuwa amezaa juu yake wiki ileile. Tukaenda wote. Mtachoka akatuonyesha meno. Bibi akapiga magoti na kipande cha ukoko, akamwambia, "Mama mzazi mwenzangu, tunakusumbua, tunajua." Mbwa akala, akasogea kidogo, Bibi akavuta kidogo, akasogea tena. Watoto wake wakabaki kwenye udongo, wanatetemeka, wanalia kama vyura.

Baba akavua koti lake. Hilo lilikuwa koti lake la pekee, la ibada na la misiba. Akalitandaza, akawapanga watoto wa mbwa mmoja mmoja juu yake. "Mzazi hanyang'anywi bure," akasema.

Tukalifua lile sweta mara mbili, tukalikausha kwa moto, tukalifumua. Baba alinyoosha mikono kama anayebatizwa, tukamzungushia uzi. Mama akaokota vitanzi kwenye mwisho wa mkono niliofuma mimi, akateremka nao. Akichoka anampa dada, dada anampa Bibi, Bibi akanipa na mimi mistari ya mwisho. Jua lilikuwa halijazama Yohana alipovaa tena. Mkono wa kushoto ulikuwa wa buluu mpaka kiwiko, halafu kahawia mpaka kifundo, na ulinuka mbwa. Bibi akapima, safari hii kwa kiganja chake. Mama ndipo akacheka, na akaanza kumfungia viazi vya njiani.

Likizo ya kwanza Yohana alituambia kwamba mvua ikinyesha mbwa wa shule walimfuata. Wenzake walimtania sana. Lakini alisema usiku wa kwanza bwenini alikuwa karibu kulia, akalipapasa lile sweta gizani. Mgongo umebana, huyo mama, alifuma kwa hasira. Kifua kimelegea, huyo dada, alikuwa akizungumza. Akasema alitukuta wote, akalala.

Mwaka huu mjukuu wangu wa kwanza, Baraka, amekwenda kuanza chuo. Nilitaka tumfumie, ila binti yangu ana zamu, mkwe wangu ana zamu, Neema anajifunza kufuma kwenye simu na kila akikosea anairudisha picha nyuma, hatumwi hata ndoo ya maji huyo mtoto lakini angalau sindano anaishika. Wakamnunulia jaketi. Zuri sana, jepesi, lina joto kuliko blanketi tatu. Asubuhi ya kuondoka Baraka alinikumbatia akaniinua juu, "Bibi, don't cry," nami nilikuwa nacheka.

Kabla hajalivaa nililigeuza ndani nje, nikapitisha vidole kwenye mishono yote. Nilikuwa natafuta fundo, mahali ambapo mtu aliishiwa uzi akaunga. Mishono ilikuwa imenyooka mwanzo mpaka mwisho. Nikalirudisha, nikamvalisha mwenyewe, nikamfunga zipu mpaka kidevuni, taratibu, ili angalau kiganja changu kipite kila mahali.