Kikohozi Nilichoficha

Asubuhi moja mbwa wa mama alirudi nyumbani kwetu Ruring'u mdomo umejaa miiba ya nungunungu. Alikuwa mzee, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyelala mlangoni pa mama. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, mwanamke mpole wa pale mjini, akaja na mkoba wake.

"Nitamdunga dawa ya kumtuliza," alisema. "Lakini hii dawa inapunguza mwendo wa moyo. Ako na shida yoyote? Anakohoa? Anachoka haraka?"

Nilijua anakohoa. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikimsikia alfajiri, na akipanda kutoka shamba la kahawa alisimama mara mbili kupumua. Lakini niliogopa daktari angekataa kumtibu, na mama alikuwa ameketi pale akilia bila sauti.

"Hapana," nikasema. "Yuko sawa."

Dakika chache baadaye mbwa alilegea. Daktari alishika vidole vyangu akaviweka upande wa ndani wa paja la mbwa, kwenye mshipa, akaniambia nisiviondoe. Aling'oa mwiba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mapigo yalikuja polepole, kisha polepole zaidi, hata nikawa nadhani kila moja ni la mwisho. Nikamwambia. Akainua mdomo wa mbwa. Ufizi ulikuwa mweupe.

"Mishipa imejibana. Hiyo hutokea na hii dawa," alisema. "Lakini moyo umeshuka sana." Aliweka kipimo kifuani akasikiliza kwa muda. "Huu moyo ni mgonjwa. Si wa leo."

"Anakohoa," nikasema. "Nilikuwa najua."

Daktari alimdunga dawa ya kuondoa nguvu za ile ya kwanza, tukangoja. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akageuza uso. Hatimaye nilihisi mapigo yakikazana chini ya vidole, na mbwa akainua kichwa.

Miiba iliyobaki ilitolewa akiwa macho, kwa sindano za ganzi, nikiwa nimemkumbatia shingo.

"Singekataa," daktari aliniambia langoni. "Ningebadilisha dawa tu. Wakati mwingine sema."

Mbwa aliishi hadi mvua ndefu zilizofuata, akimeza vidonge vya moyo ndani ya matonge ya ugali. Mama hakulitaja jambo lile kamwe. Siku mbwa alipokufa, majirani walikuja kusaidia kuchimba kaburi. Mama aliwashukuru, akawarudisha, akanipa mimi jembe.