Mapigo Matupu ya Mashine ya Oleta

Verlon Stubbs alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha bawaba katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ohio. Majira ya baridi ya mwaka 1994 alipewa kazi aliyoipenda kuliko zote: kuunganisha mashine za kugongea bati na kompyuta, bila fedha za maana. Kompyuta yenyewe ilikuwa imetupwa na ofisi ya uhasibu. Nyaya zilikuwa za simu. Swichi zilikuwa zile za sumaku zinazofungwa milangoni kuwabaini wezi. Alifunga moja kwenye kila mashine, kando ya mita yake ya zamani ya kuhesabu mapigo, na kila pigo likahesabiwa kuwa bawaba moja.

Haukupita muda, kompyuta ikaonyesha kwamba mashine ya Oleta, mjane wa kaka yake, ilikuwa imetoa bawaba nyingi kuliko zilizokuwamo makashani.

"Zimeota miguu?" meneja, Gerald Haskew, alimuuliza Oleta mbele ya zamu nzima. "Au unaficha zilizoharibika?"

"Nizifiche wapi, bosi? Kwenye soksi?"

Watu walicheka. Haskew hakucheka. Alimsimamisha kazi, na Jumatatu ingeamuliwa kama afukuzwe.

Verlon alimkuta Oleta nje, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

"Shemeji, huenda ni jambo dogo tu..."

"Kompyuta yako inakosea?"

Verlon alikuwa ameipima mwenyewe, na haikuruka hata pigo moja.

"Basi mwizi ni mimi. Sogea nipite."

Kesho yake Verlon alisimama kando ya mashine ile, ambayo sasa iliendeshwa na Dwight Pruett. Dwight alibadilisha kalibu, chuma cha kulipa bati umbo, akaigongesha mashine kavu, bila bati, mara kadhaa ili asikie kama imekaa sawa, kisha akarudisha mita ya zamani kwenye sufuri bila hata kuitazama, kama mtu anayefuta viatu mlangoni. Wote walifanya hivyo, na Verlon alikuwa ameliona jambo hilo miaka yote. Hakuna aliyeona kwamba linastahili kutajwa, hata Oleta mwenyewe. Mita iliyasahau mapigo matupu; kompyuta iliyahesabu. Na Oleta, kwa wepesi wa mikono yake, ndiye aliyepewa oda ndogondogo, akabadilisha kalibu mara nyingi kuliko wenzake wote.

Haskew alimsikiliza Verlon ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

"Nimeshawaambia wenye kampuni kwamba mtambo huu hausemi uongo."

"Hausemi uongo. Mimi ndiye ambaye sikuuambia yote."

"Basi arudi Jumatatu. Yaishe kimya kimya."

"Aliitwa mwizi kwa sauti, bosi."

"Verlon, usinitafutie balaa."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, Verlon alipanda juu ya kasha tupu mbele ya zamu nzima. "Oleta hakuficha kitu," alisema. "Kosa ni langu. Nilihesabu mapigo matupu."

"Si ungeuliza!" Dwight alimpigia kelele kutoka nyuma. "Sote tupo hapa!"

"Kweli, nilipaswa kuuliza," alijibu Verlon.

Haskew alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Hakukanusha.

Jumatatu Oleta alirudi. Alimkuta Verlon amepiga magoti kwenye mashine yake, akifunga swichi ya pili, ya kuizuia kompyuta isihesabu wakati wa kujaribu kalibu.

"Mguu wako unanizuia," alimwambia.

Verlon aliuondoa. Hakuambiwa neno jingine na Oleta majira yale yote ya baridi.