Mkate wa Sinia na Miungu ya Radi

Mashavu, mjane wa Kibokoni, Mombasa, aliishi Grand Prairie, Texas, huko Marekani, kwa kuwashonea majoho Wazungu waliokosa shughuli. Hivyo ndivyo alivyowaita mwenyewe, tena bila haya. Kila msimu wa maonyesho ukikaribia, wanaume wenye vitambi na ndevu za kusuka walimjia wakitaka kuvalishwa kama mashujaa wa Ulaya ya kale. Wengine walijiita Waviking, wengine Wakelti, na kila kundi lililidharau jingine utadhani wamegombania urithi.

Mashavu aliwakatia wote kwa karatasi moja. Kitambaa kile kile, mkato ule ule, tofauti ni utepe wa shingoni tu.

"Hata mungu wao ni kama mmoja, Mama," alisema bintiye Nawal, karani wa ofisi moja mjini Plano, mpenzi wa historia. "Nime-google. Huyu ana Thor, yule ana Taranis, na majina yote mawili maana yake ni radi. Lugha zao zina asili moja. Wote walizika mashujaa na mapanga yao, eti wakayatumie huko mbele."

"Astaghfirullah. Watu wazima hovyo!"

Nawal alirudi kupanga nyuzi. Alikuwa na lake moyoni. Alitaka kuolewa na Abdulbasit, muuguzi wa Sharpstown kule Houston, na mama alikuwa amekataa kwa neno moja tu: "Si wenzetu." Kosa la kijana ni kuzaliwa na Wazanzibari. Idi iliyopita mama yake, Bi Kidawa, alileta mkate wa sinia, ule wa mchele na tui, akauita kwa jina la kwao, mkate wa kumimina, na Mashavu hakumsamehe. Leo Bi Kidawa alikuwa njiani kuja kutaka jibu la mwisho.

Mchana wateja wawili wakakutana dukani kwa Mashavu. Mmoja alivaa kidani cha nyundo ya Thor, mwenziwe cha gurudumu la Taranis. Wa nyundo aliona joho lake limetundikwa pamoja na la yule mwingine, akawa mwekundu.

"Unatuchanganyaje na hawa? Hawa si wenzetu!"

Mashavu alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Walipoondoka, bado alikuwa anajifuta machozi.

"Umesikia, Nawal? Joho moja, radi moja, ati si wenzao!"

"Nimesikia, Mama. Hata kwako nimelisikia."

Kicheko kikamkauka. Alitaka kumkaripia, lakini aibu ikamchoma kwelikweli. Papo hapo Bi Kidawa akabisha hodi, sahani mkononi.

"Mkate wa kumimina, dada. Nimeupika mwenyewe."

Mashavu alionja. Tui lile lile, iliki ile ile, ukingo uliokolea rangi kama alivyoupenda marehemu mama yake. Aliutafutia kasoro kwa bidii zote asiipate. Nawal alisimama kando ya cherehani akimtazama.

"Huu ni wa sinia," Mashavu akasema, akijikatia kipande cha pili. "Haya, mwambie huyo kijana alete wazee wake."