Ngoma za Kusikika Luweero

Juma lililopita bendi ya watoto wa shule ilinipita barabarani kule Mengo, na harufu ya vumbi na ngozi za ngoma zilizopata jua ikanirudisha utotoni.

Katika bendi yetu mimi nilikuwa msichana mdogo kuliko wote. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini baba alikuwa hajarudi kutoka Luweero, mbali kulikopiganwa vita hivyo. Shangazi, aliyekuwa akinilea, alinitania siku moja kwamba ngoma zetu zinasikika hadi huko. Sikujua kuwa ni utani.

Alasiri ile tulipiga mbele ya wazazi. Mwalimu aliposhusha fimbo yake, wenzangu wote walinyamaza. Mimi niliendelea kupiga peke yangu, kwa nguvu zangu zote, na watu wakacheka.

Shangazi hakucheka. Alikuja hadi katikati ya uwanja akanishika mikono.

“Baba bado hajasikia,” nilimwambia.

“Amesikia, mwanangu. Sasa pumzika.”

Leo najua kwa nini hakucheka. Siku ile nilimwamini, nikakimbia nyumbani, nikaketi mlangoni kumsubiri baba mpaka giza likaingia.